Kerneli kongwe yenye viraka, au mpya?

Msimamizi wa seva akiandika uname -r, amri ya kuuliza toleo la kerneli (kiini cha mfumo endeshi), kwenye Red Hat Enterprise Linux 8, jibu linaanza na 4.18, toleo lililotoka mwaka 2018. Wengi hukata shauri papo hapo: mfumo umezeeka, tuuhame. Naona wanafanya haraka mno.

Namba hiyo ni msingi tu. Wahandisi wa Red Hat huchukua marekebisho ya matoleo mapya, yaani viraka, na kuyapachika kwenye kerneli ileile, mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana programu za ukaguzi wa usalama zinazosoma namba peke yake hulalamikia mianya iliyokwisha kuzibwa. Isitoshe, sehemu za kerneli ambazo draiva (programu za kuendesha vifaa) za kampuni nyingine huruhusiwa kuzitegemea hulindwa zisibadilike ovyo. Aliyewahi kuwasha seva baada ya sasisho akakuta haizioni diski zake anajua thamani ya ulinzi huo.

Gharama nayo ipo. Kerneli hiyo haifanani tena na 4.18 ya asili, wala si toleo jipya. Ikileta hitilafu, wa kukusaidia ni aliyeitia viraka. Kisha kuna vilivyoondolewa kabisa: Btrfs, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, haimo tangu toleo la 8 la Red Hat Enterprise Linux.

Oracle Linux, mfumo wa kampuni ya Oracle unaooana na wa Red Hat, hurahisisha kuupima mjadala huu, kwa kuwa ina kerneli mbili. Moja inalingana na ya Red Hat. Ya pili, Unbreakable Enterprise Kernel, iko karibu zaidi na matoleo yanayotunzwa kwa muda mrefu kwenye kernel.org, tovuti ya kerneli ya asili ya Linux. Toleo lake la 7 limejengwa juu ya 5.15, na Btrfs imo. Unabaki na programu zako zilezile, unabadilisha kerneli, unawasha upya, unapima kazi yako halisi. Ila muuzaji wa programu huenda ameithibitisha kwenye kerneli moja tu, kwa hiyo aulizwe mapema.

Swali la nani anashika viraka lina uzito kuliko namba. Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS Linux 8, mfumo wa bure uliojengwa kutokana na msimbo wa Red Hat Enterprise Linux, ingekoma mwishoni mwa 2021, ilhali watumiaji walitarajia masasisho hadi 2029. Kerneli ilikuwa nzuri. Ahadi ndiyo iliyokatika.

Kwangu, seva ya hifadhidata yenye draiva za nje ibaki na kerneli kongwe inayotunzwa. Mashine yenye vifaa vipya, isiyo na draiva za nje, sioni sababu ya kuinyima kerneli mpya.