Kumshika mkono mwana msomi si kumdekeza

Mtu mzima mwenye shahada ya uzamili akirudi kwa wazazi bila kazi, kila anayepita ana hukumu yake. Inayosikika zaidi ni hii: mwacheni, akibanwa na maisha atapata. Mzazi anayemuulizia kazi mwanawe anaonekana amejifunga mbeleko kumbeba mtu mwenye miguu yake.

Wasemao hivyo wana hoja. Mzazi akimwandikia mwanawe barua ya maombi, au akampigia simu mwajiri kudadisi matokeo ya usaili, anamharibia. Mwajiri ataona anaajiri mtoto. Na koneksheni ina dhuluma yake: yupo kijana mwenye shahada ileile ambaye kwao hakuna anayemjua mtu ofisini.

Hata hivyo, "akibanwa atapata" huchukulia kwamba kungoja hakuna gharama. Wachumi Kory Kroft, Fabian Lange na Matthew Notowidigdo walituma kwa waajiri wa Marekani maombi ya watu wa kubuni, wakipanga kwa bahati nasibu muda ambao kila mmoja amekaa bila kazi. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2013, yalionyesha kwamba muda ulivyorefuka ndivyo simu za waajiri zilivyopungua, na sehemu kubwa ya anguko hilo ilitokea ndani ya miezi 8 ya mwanzo. Kwa hiyo mzazi anayejizuia mwaka mzima ili mwana akomae anamwacha apoteze miezi iliyokuwa na thamani kuliko yote.

Kuna hesabu nyingine ambayo imekaa kichwani mwangu muda mrefu. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha aliyoyaona kwa wataalamu na mameneja wa kitongoji kimoja cha Boston waliokuwa wamebadili kazi karibuni. Kati ya 54 waliopata kazi kupitia mtu, ni asilimia 16.7 tu ambao mtu huyo walikuwa wakionana naye mara kwa mara, yaani angalau mara mbili kwa wiki. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na 27.8 mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Watu 54 ni wachache, nakubali. Lakini mwaka 2022 jarida la Science lilitoa matokeo ya majaribio yaliyohusisha watu zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, nayo yakaelekea hukohuko: waliosaidia zaidi watu kuhamia kazi mpya hawakuwa wale wa karibu kabisa.

Sasa tazama marafiki wa mwana mwenye uzamili. Ni wale aliosoma nao: shahada moja, matangazo yaleyale, na kila mmoja anaomba nafasi anayoiomba mwenzake. Watu wa kuonana mara moja kwa mwaka anao nani? Mzazi. Aliyefanya naye kazi zamani, jirani aliyehama, mwenzake wa kamati iliyovunjwa. Huo ni mtaji wa miaka thelathini, na tunamwambia asiuguse kwa jina la kumfundisha mwana kujitegemea.

Namna ya kuutumia ndiyo inayopambanua msaada na upendeleo. Mama mmoja ninayemfahamu alimuuliza binti yake, "Nikikutana na mtu, niseme unatafuta kazi gani?"

"Yoyote, mama."

"Yoyote" huwezi kumpelekea mtu. Wakakaa mezani na wasifu wa kurasa nne, ambao ulianza na jina la tasnifu, mistari miwili mizima. Mama akaweka kidole pale. "Hapa ulifanya nini hasa, mwanangu?"

"Nilihoji watu mia nne, nikasafisha takwimu, nikaandika ripoti."

"Mbona hilo halipo?"

Kweli halikuwapo. Chuoni jina la tasnifu linatosha, kwa sababu anayesoma anajua kazi iliyo nyuma yake. Ofisini hawajui, na binti alikuwa amezungukwa na wasomi kiasi kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza. Swali kama hilo halihitaji koneksheni. Hata mzazi asiyemjua bosi yeyote anaweza kuliuliza.

Ile dhuluma ya kujuana siisahau. Kuomba nafasi itolewe bila ushindani ni kumnyima haki mtoto wa mwingine, na hapo nasimama na wakosoaji bila kigugumizi. Kuulizia habari ni jambo jingine: nani anaanzisha mradi, ofisi gani inahitaji ujuzi huu, tangazo litatoka lini. Usaili unabaki palepale, na habari hiyohiyo inaweza kumfikia mtoto wa jirani, mradi mzazi asiifungie kabatini.

Yule mama aliandika majina tisa na namba za simu, akampa binti karatasi. Hakupiga hata simu moja. Mtu wa tatu, ambaye mama hakuwa amemwona kwa miaka sita, hakuwa na kazi ya kutoa. Alimweleza binti ni shirika gani lilikuwa likijiandaa kwa utafiti wa kaya na idara ipi itapokea maombi. Binti aliandika barua usiku uleule. Mama aliomba kuisoma, akaonyeshwa asubuhi, ikiwa imeshatumwa.