Saa Ilisema Nimelala, Nami Nilikuwa Msibani

Mwezi wa tatu tulipata msiba mtaani kwetu Nyakato, hapa Mwanza. Wanaume tulikesha nje kama ilivyo desturi: viti vya plastiki, moto wa magogo katikati, birika la kahawa likizunguka. Nilikaa pale tangu saa nne usiku hadi adhana ya alfajiri, sikufumba jicho. Kulipopambazuka, saa yangu janja ikatetemeka mkononi na kunipa taarifa: nimelala saa sita na dakika 20, usingizi mzito umetosha, alama 84 kati ya 100. Ikanipongeza. Nikamwonyesha shemeji yangu aliyekuwa kiti cha pili, macho yake mekundu kama ya mama anayebanika samaki. Akaitazama, akasema, "Shemeji, hebu iulize kama na mimi nimelala."

Kosa lenyewe linaeleweka. Saa ya mkononi haijui usingizi ni nini. Inachojua ni kwamba mkono umetulia na mapigo ya moyo yameshuka, na mtu aliyekaa na kikombe cha kahawa akisikiliza wazee anatimiza masharti yote mawili. Kilichoniudhi ni ile 84. Saa haikusema "nadhani ulilala". Ilitoa namba kavu, kama karani aliyeshika daftari.

Tangu siku hiyo suala hili limekuwa ubishi wa kudumu katika kikundi chetu cha mbio. Tunakutana Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri pale Furahisha, tunapita mjini, tunazunguka Capri Point na kurudi. Kuna kambi ya "itupe ziwani" na kuna kambi ya mwalimu mmoja wa sekondari anayesema saa yake ndiyo iliyomtoa kwenye kiti. Mimi nimekuwa katikati, si kwa hekima, bali kwa sababu nilitoa shilingi 180,000 na roho inauma.

Tuanze na mashtaka, maana ni mengi. Wiki moja watatu kati yetu tulikimbia bega kwa bega, tukaanza pamoja na kumaliza pamoja. Saa ya kwanza ikasema kilomita 9.6, ya pili 10.3, yangu 11.2. Nilipofungua ramani kwenye simu nikakuta mstari wangu umeiacha barabara ya Capri Point, umeingia ziwani, umetembea juu ya maji kama Petro, kisha ukarudi nchi kavu bila kulowa. Hapa jiji letu lina sehemu yake ya lawama. Saa hupima mahali ulipo kwa muda ambao mawimbi ya setilaiti, zilizo zaidi ya kilomita 20,000 juu, hutumia kufika mkononi. Mawimbi hayo huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo yakigonga jabali kwanza na kuchelewa kwa sehemu moja tu ya milioni kumi ya sekunde, umbali unaohesabiwa umeshakosewa kwa mita 30. Na sisi tunaishi kwenye Jiji la Mawe. Barabara ikiwa na mwamba upande mmoja na miti juu, saa ya bei nafuu inabahatisha.

Mapigo ya moyo nayo yana vituko vyake. Jumamosi moja saa ilinionyesha 172, wakati mimi nilikuwa naongea na mwenzangu bila kuhema. Nikasimama, nikaweka vidole viwili shingoni, nikahesabu sekunde 15: mapigo 35. Mara nne, 140. Ile 172 ilitoka wapi? Nilikuja kuelewa baadaye kwamba zilikuwa nyayo zangu. Taa ya kijani chini ya saa humulika ngozi, damu hufyonza ule mwanga, na kihisi husoma jinsi mwanga unaorudi unavyopanda na kushuka kila moyo unaposukuma. Ukikimbia, mkono nao unatikisika kwa mpigo wake, na mtu anayekimbia hupiga hatua 160 hadi 180 kwa dakika. Saa inashika mdundo ulio mkubwa zaidi na kuuita moyo.

Wapo wanaosema saa hizi zilitengenezwa kwa ngozi ya Mzungu na ndiyo maana zinatudanganya. Nililiamini hilo muda mrefu, na si hoja ya kupuuza. Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha utafiti kuhusu vipimo vya oksijeni vinavyobanwa kwenye kidole hospitalini. Kati ya wagonjwa weusi ambao kipimo kilionyesha wako salama, asilimia 11.7 walikuwa na oksijeni ya chini ya hatari kwenye damu. Kwa wagonjwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Kwa hiyo namba ya oksijeni kwenye saa yangu siitazami kabisa. Lakini kwenye mapigo ya moyo mambo hayakunyooka hivyo. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke waliwapima watu 53 wa rangi tofauti za ngozi na hawakukuta tofauti kubwa ya usahihi kati yao. Walichokuta ni kwamba mwendo huongeza kosa kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na mtu aliyetulia. Tatizo langu kubwa, basi, ni mkanda niliouvaa unalegea kama bangili, pamoja na zile hatua.

Hatua nazo zina hadithi. Siku moja nilimwazima saa jamaa anayesukuma toroli Mwaloni, Kirumba, tuone. Tangu saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi alisomba magunia ya dagaa kutoka kwenye mitumbwi hadi kwenye malori, jasho likimtiririka, na mikono imeng'ang'ania mipini ya toroli. Saa ikamhesabia hatua 2,300. Nikaivaa, nikapanda bodaboda kurudi Nyakato, ile njia ya mashimo. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeongezewa karibu 900, mimi niliyekuwa nimekalia siti. Sababu ni moja: saa haihesabu miguu, inahesabu mtikisiko wa mkono. Mkono uliokamata mpini hautikisiki. Mama anayepanda vilima vya Mabatini na ndoo ya lita 20 kichwani, mkono mmoja umeishikilia, kwake saa itasema amepumzika.

Na kalori usiniulize. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya mkononi kwa watu 60. Sita kati ya saba vilipima mapigo ya moyo kwa kosa lisilozidi asilimia 5, jambo la kupongezwa. Kwenye kalori, kifaa bora kuliko vyote kilikosea kwa asilimia 27, na kibovu kuliko vyote kwa asilimia 93. Hiyo ni lumbesa. Mtu anamaliza mbio, anaambiwa ameunguza kalori 800, anaenda kujilipa kwa sahani ya sato na ugali wa watu wawili.

Hapo mwalimu wetu huinua mkono. Hoja yake kuu niliidharau mwanzoni, sasa naiheshimu. Anasema: mbona sokoni tunauziana kwa sado? Lile kopo la rangi hakuna anayejua lina kilo ngapi za maharage, inategemea punje na mkono wa muuzaji. Biashara inakwenda kwa sababu kopo ni lile lile leo na kesho. Saa yake, anasema, inaweza kuwa inamzidishia hatua kila siku, lakini kama inazidisha kwa kiasi kile kile, atajua wiki ipi alitembea na wiki ipi alikaa. Kabla ya kuivaa alikuwa anaamini anatembea sana kwa kuwa ni mwalimu, kumbe siku nzima alikuwa hafikishi hatua 3,000. Akaacha kupanda daladala kutoka Buzuruga kwenda shuleni. Suruali zake zimelegea, sote tumeona.

Anaongeza jingine ambalo limenipunguzia mzigo mimi mwenyewe. Zile hatua 10,000 ambazo saa inatusumbua nazo hazikutoka kwa daktari. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabia hatua na kukiita "manpo-kei", yaani kipima hatua elfu kumi, na namba ikashika. Utafiti wa Harvard wa mwaka 2019 kwa wanawake zaidi ya 16,000 wenye umri wa wastani wa miaka 72 ulikuta kwamba waliopiga hatua kama 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango cha chini waziwazi kuliko waliopiga 2,700, na faida ikatulia kwenye 7,500 hivi. Kwa lengo la namna hiyo, kosa la hatua mia tano halimuui mtu.

Kambi ya ziwani hujibu kwa kumtaja Filbert Bayi, kwamba mwaka 1974 kule Christchurch alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 bila taa ya kijani mkononi. Ni jibu tamu lakini halina nguvu. Bayi alikimbia kwenye uwanja uliopimwa, na pembeni wamesimama watu wenye saa za kazi hiyo. Sisi tuna barabara, mbwa wa alfajiri na malori ya samaki.

Bado hoja ya sado ina shimo moja. Mizani ya Mwaloni ina stika ya Wakala wa Vipimo. Mvuvi akiona sangara wake amepunjwa anajua pa kulalamika. Na kopo la sado kila mtu anaona ni kopo. Halijidai ni mizani. Saa yangu ni kopo lililovaa koti la daktari. Kinachonitisha zaidi ni zile za bei ya chini kabisa, zinazodai kupima presha na sukari.

Mama mdogo wangu ana presha. Alinunua moja kwa mmachinga karibu na kivuko cha Kamanga, shilingi 35,000. Kila asubuhi ilimpa 118 kwa 76, au 120 kwa 77, kamwe haikutoka hapo. Akafurahi. Akaanza kuruka dawa, siku moja anameza, siku mbili anaacha, "maana mwanangu, namba zangu nzuri." Nilipokwenda kumsalimia nilikuwa na wasiwasi na ile saa, nikaichukua jikoni, nikaifunga kwenye ndizi mzuzu. Taa ikamulika, ikafikiri kidogo, ikatoa 121 kwa 78. Ndizi ile ilikuwa na afya kuliko ukoo wetu wote. Tulicheka hadi machozi, halafu nikampeleka zahanati. Mashine yenye mkanda wa kujaza upepo ikasema 164 kwa 98.

Hapa sina pande mbili za kupima. Hata Samsung, ambayo baadhi ya saa zake zina kipimo cha presha, humtaka mtumiaji arekebishe saa kwa mashine ya mkanda kila baada ya wiki nne. Kuhusu sukari, Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayojipimia sukari bila kutoboa ngozi. Anayekuuzia saa ya namna hiyo Mwanza, aidha hajui au anajua.

Nami nadhani hasara ya saa inayokosea si namba mbaya peke yake. Mwezi wa sita, Jumatatu asubuhi, yangu iliniambia kwamba mapigo yangu ya usiku, ambayo miezi yote huwa 61 au 62, yamefika 75. Usiku ndio wakati ambao saa hizi hupima vizuri kuliko wakati wowote, kwa sababu mkono umelala na mkanda hauchezi. Nilikuwa nimeshasoma hilo. Nilikuwa hata nimemweleza mwalimu. Lakini ni saa ile ile ya msibani, iliyonitembeza juu ya ziwa na kunipa hatua za bodaboda, na nilishazoea kuifuta taarifa zake kwa kidole gumba bila kuzisoma mara mbili. Nikaifuta. Jumanne ikaandika 79. Nikaifuta pia, nikaenda kazini.

Jumatano jioni nilikuwa natetemeka chini ya blanketi mbili. Zahanati wakanitoboa kidole, kile kipimo cha haraka kikatoa mistari miwili: malaria. Tabibu akaniuliza homa ilianza lini. Nikamwambia, leo mchana.

Saa ilikuwa imeandika Jumapili usiku.