Kwaheri za uongo za wakongwe wa roki

Kinachoniudhi si mzee wa roki kupanda jukwaani. Mick Jagger, aliyezaliwa mwaka 1943, alizunguka Marekani na Kanada na wenzake wa bendi ya Rolling Stones mwaka 2024, na maadamu watu wanataka kumsikia, hakuna mwenye haki ya kumwamuru akae nyumbani. Kinachoniudhi ni kuaga kwa uongo. Wanabendi wa The Who walifanya ziara ya kuaga mwaka 1982, wakarudi barabarani mwaka 1989. Kiss walianza kuaga mwaka 2000, kisha wakaendelea hadi Desemba 2023. Waliovuka mipaka kabisa ni Mötley Crüe, ambao mwaka 2014 walitia saini mkataba mbele ya waandishi wa habari kwamba hawatafanya ziara tena baada ya mwaka 2015, halafu mwaka 2019 wakatangaza kurudi kwa video iliyoonyesha mkataba huohuo ukilipuliwa, kana kwamba ahadi waliyowapa mashabiki ilikuwa mchezo.

Shabiki anayeambiwa kwamba hii ndiyo nafasi ya mwisho hununua tiketi kwa bei ambayo asingeikubali siku nyingine, husafiri mbali, na wengine hulia machozi ya kweli wimbo wa mwisho unapopigwa. Kuyageuza machozi hayo kuwa chambo cha biashara ni kumvunjia heshima mtu aliyekulisha kwa miaka 40. Msanii aliyechoka na aseme kwamba anapumzika, na akilitamani tena jukwaa arudi waziwazi. Tiketi yake nitainunua kwa furaha.