Rubani wa kiti cha plastiki

Wiki ya saba hii nasomea urubani na mpaka naandika hapa sehemu ya juu kabisa niliyofika ni ghorofa ya kwanza, kwa ngazi, nikienda darasani. Sitanii. Mi wakati najiandikisha nilishajiona kabisa, miwani ya jua usoni, mkono mmoja kwenye usukani, watu huko chini kama sisimizi, kumbe kabla hujagusa hata tairi la ndege kuna kitu kinaitwa mafunzo ya ardhini. Jina tu lilitakiwa linishtue. Mtu umelipia anga unapewa ardhi, kiti cha plastiki, na feni moja inayozunguka kama inakuonea huruma, na hiyo feni ndo propela pekee niliyoiona kwa karibu.

Viwango vya kimataifa vinataka mtu wa leseni binafsi awe ameruka saa zisizopungua 40, au 35 kama kozi yako imeidhinishwa. Mi ninazo sifuri. Ila zingekuwa zinahesabiwa saa za kukaa kwenye kile kiti sa hivi ningekuwa kapteni wa masafa marefu.

Siku ya kwanza mwalimu kachora ndege ubaoni na mishale minne, mmoja juu, mmoja chini, mmoja mbele, mmoja nyuma. Nikasema aa, hii rahisi, kumbe watu wanatishana bure. Halafu akasema leo tunaongelea stoli. Kwa Kingereza gari likizima wanasema limestoli, na mi nina uzoefu mkubwa na gari kunizimikia katikati ya foleni, nikanyoosha mkono haraka kabla ya wengine, nikasema injini ikizima hupaniki, unapiga stata tena. Darasa zima kimya. Kumbe stoli ya ndege haina habari na injini kabisa, injini inaweza kuwa inanguruma vizuri tu, shida ni bawa, ukilinyanyua sana dhidi ya upepo unaolijia, ikifika digrii kama 15 au 16 hivi, hewa inakataa kufuata mgongo wa bawa, inajiondokea, na kile kilichokuwa kinakushikilia juu kinaondoka nayo. Sawa. Dawa yake? Sukuma pua chini. Yaani ndege inadondoka na wewe mwenye akili timamu unatakiwa uielekeze kule kule inakodondokea! Kila kiungo mwilini kinapiga kelele vuta, vuta, na ukivuta ndo umemaliza kazi.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Na hapo bado sijajua kwamba hiyo ndo kozi yenyewe, kila siku unaingia unaambiwa kitu kingine cha kutokukiamini.

Chukua altimita. Mi nilidhani inapima umbali kutoka ulipo mpaka chini, kama futikamba vile. Wapi. Ni kipima hewa kilichovalishwa namba za futi, kinasoma shinikizo la hewa halafu kinakisia. Usipokirekebisha kadiri hewa inavyobadilika kinakudanganya bila hata aibu. Umeondoka mahali penye hektopaskali 1013, ndo kipimo cha hilo shinikizo, umefika penye 1003, hujagusa kitufe cha kukirekebishia, sindano inasema uko futi 1,500 na wewe umetulia unaangalia mandhari, kumbe uko 1,200, maana kila hektopaskali moja ni kama futi 30. Futi 300 hizo zilizopotea ni kilima hizo jamani, ni mnara wa simu. Ingekuwa inakosea upande wa pili nisingelalamika.

Dira ndo usiseme. Kwanza haionyeshi kaskazini, inaonyesha kaskazini ya kwake, na tofauti inategemea uko wapi duniani kwa hiyo unajumlisha au unatoa kulingana na ramani. Ukimaliza unajumlisha au unatoa tena kwa sababu ya vyuma na nyaya za ndege yenyewe, kuna kikaratasi kimebandikwa pale pembeni kinachokiri makosa kabisa. Halafu ukikata kona kutoka kaskazini inaanza kwa kukuonyesha unaelekea upande mwingine, na hiyo ni nusu ya kaskazini ya dunia tu, ukiwa kusini inadanganya kinyume. Nikamuuliza mwalimu inakuwa sahihi lini? Akasema ukiwa umenyooka, husogei juu wala chini, huongezi mwendo wala kupunguza. Nikamwambia basi hata mimi nikiwa hivyo huwa sipotei.

Na mwendo je? Kuna kamrija kadogo kametokeza kwenye ndege, kanaitwa pito, kanapokea upepo wa mbele ndo geji ijue unakimbia kiasi gani. Sasa nyigu wanakapenda sana kale kamrija, ndege ikilala nje bila kifuniko wanahamia. Tundu la mbele likiziba na kale kengine ka kutolea maji nako kakaziba, geji ya mwendo inajifanya altimita, ukipanda inasema mwendo umeongezeka, ukishuka inasema umepungua. Kwa hiyo unapanda zako, geji inasema mbona unakimbia hivyo, unanyanyua pua upunguze, inasema ndo umezidisha, unanyanyua tena, na hapo tumesharudi kwenye yale mambo ya stoli. Mdudu mmoja! Hana hata leseni!

Basi nikaona nijifanye mjanja, nikasema mwalimu, kama vyombo vyote ni waongo si bora niangalie tu mwili wangu unavyosikia. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kumbe mwili ndo muongo mkuu. Humo ndani ya sikio kuna maji yanayokwambia unageuka au umenyooka, lakini ukikata kona taratibu ndani ya wingu sekunde 20 hivi yanatulia, unahisi umenyooka kama rula. Ukinyoosha kweli sasa, unahisi umelalia upande wa pili, na wewe kwa kujiokoa unarudi kwenye ile ile kona, unazunguka nayo huku unashuka. Sikuamini. Nikafika nyumbani nikakaa kwenye kiti cha kuzunguka, nimefumba macho, mwanangu ananizungusha polepole. Baada ya muda nikamwambia mbona umeacha, zungusha bana. Akasema baba, bado nazungusha.

Na unajua kinachofundishwa hapo ni nini? Ukiingia wingu, usiamini mwili, amini vyombo. Vile vile vyombo.

Kuna somo moja tu nilifurahi, la redio. Maisha yangu yote nimechekwa kwa Kingereza changu, nikihesabu wan, tu, tri, kuna mtu lazima anirekebishe nitoe ulimi katikati ya meno kama nyoka. Siku hiyo mwalimu kaweka ubaoni jinsi ya kutamka namba kwenye redio kwa utaratibu wa kimataifa: tatu ni tri. Tano ni faif. Tisa ni naina. Elfu ni tausandi. Yaani hiyo ndo sahihi, dunia nzima, rubani anayejitia ulimi kwenye meno ndo anakosea! Nilisimama nikasoma kwa sauti, tri tausandi faif, darasa likapiga makofi. Tangu siku hiyo nyumbani hatupumui, nikipiga simu kutaja jina langu nalitaja herufi moja moja kwa Alfa na Bravo na Charlie, mke wangu anasema yeye aliolewa na mtu mwenye jina fupi.

Furaha yenyewe ikadumu siku moja, kesho yake ikaja hali ya hewa. Mi nilitegemea tutachungulia dirishani. Hapana, kuna mstari mmoja wa herufi wa kukwambia hali ya hewa ya uwanja wa ndege, unaitwa METAR, umebanwa kama mtu alikuwa analipia kila herufi. Saa imeandikwa ya Zulu, yaani ya Greenwich, ambayo siyo saa ya mtu yeyote ninayemjua. Mbingu imekatwa vipande nane na unahesabu vipande vingapi vina mawingu, vikiwa kimoja au viwili ni FEW, vitatu mpaka vinne SCT, vitano mpaka saba BKN, vyote nane OVC. Nani alipanda kuikata mbingu? Halafu ukungu mwepesi ni BR. Nikakaa usiku mzima natafuta BR inatoka kwenye neno gani la Kingereza, kumbe ni Kifaransa, brume. Mvua ya mawe ni GR, Kifaransa tena. Katikati ya mstari wa Kingereza! Hata mimi nikichanganya lugha kwenye mtihani naandikiwa makosa.

Vipimo navyo vimefanya mkutano visikubaliane. Urefu wa kwenda juu ni futi, umbali ni maili za baharini, moja mita 1,852, bahari hamna hapa lakini ndo hivyo, kuona mbele ni mita, mwendo ni noti, yaani maili za baharini kwa saa, sio za benki, maana za benki zingeshaisha. Mafuta unanunua kwa lita ila ndege inayasikia kwa kilo.

Eti nikaambiwa nisijali, hesabu zote zinafanywa na kompyuta ya ndege, kila mwanafunzi anunue yake. Nikanunua. Nikafungua boksi natafuta chaja. Ni duara mbili za bati zinazozungushwa kwa kidole, mtindo wa miaka ya 1930, na inaitwa kompyuta kwa nguvu. Yenyewe inakupa tarakimu, desimali utaweka mwenyewe pale moyo wako unapotuma. Mi safari yangu ya kwanza ya kwenye karatasi ilitumia lita 6, nikaona ndege zina nafuu kumbe. Zilikuwa 60.

Yote hayo nilivumilia. Kilichonimaliza ni uzito. Mwalimu katoa kazi ya nyumbani, ndege ya viti vinne, mwisho wa uzito wa kurukia ni kilo 1,100, ikiwa tupu ina 750, safari inataka lita 150 pamoja na akiba, na lita moja ya petroli ya ndege ni kilo 0.72, kwa hiyo mafuta ni 108. Zinabaki 242. Akasema abiria watoke nyumbani kwako, uzito wa kweli.

Nikamuuliza mke wangu una kilo ngapi. Aliniangalia muda ambao ndege ingeshapaa.

"Za nini?"

"Hesabu za shule."

"Andika 71."

Nikaandika 71 na sikuuliza mara ya pili. Shemeji yangu, kaka yake, yeye kasema 88 kwa majivuno kabisa huku anajipiga kifua, na kesho yake nikasikia ameshanunua miwani. Mi nikajiandikia 82. Jumla 241, imebaki kilo moja, mabegi hamna ila tunaruka. Nikapeleka kwa madaha.

Mwalimu kaangalia karatasi, kaniangalia mimi juu mpaka chini, kaangalia karatasi tena, akaenda ofisini akarudi amebeba mzani. Mbele ya watu. 94. Nikasema ni viatu. Akasema viatu vyako navyo vinapanda ndege. Kwa hiyo dira nimeisema, altimita nimeisema, mpaka nyigu wa watu nimewasema, na mwenyewe nimedanganya kilo 12.

Sasa jumla ni 253, tumezidi 11, na viti ni vinne na sisi watatu. Nikataka kupunguza mafuta, mwalimu kasema akiba haiguswi. Nikataka kumtoa shemeji, mke wangu kasema kaka yake akishuka na yeye anashuka. Kumtoa mke wangu hata penseli iligoma. Nikapiga, nikafuta, nikapiga, mpaka saa sita za usiku, na kila nikipiga kuna jibu moja tu linalokaa vizuri, nikitoka mimi zinabaki 159, ndege ina nafasi ya kilo 83 za ziada, wanabeba na mabegi yao yote bila kelele.

Nikapeleka hivyo hivyo. Hesabu kaipiga tiki, chini yake kwa wino mwekundu kaandika: nani anaendesha?

Shemeji anasema yeye yuko tayari.