Iko chini kwa nani?

Juzi nilipitia shule moja mtaani kumchukua mpwa wangu, na ukutani kwa darasa lao wamebandika bango kubwa la anga la usiku. Linapendeza, ila katikati kabisa wameweka Nyota ya Kaskazini. Nairobi hii! Nyota yenyewe hapa iko chini ya upeo, labda uwe na macho ya kupenya milima. Nikauliza, mwalimu akasema ati ni msaada, walipewa. Sawa, asante, lakini hilo ni anga la London na watoto wetu wanalikariri.

Kilichoniuma zaidi ni M83, galaksi, yaani kundi kubwa la nyota lililo mbali na letu. Wameibana ukingoni kule chini kama abiria wa mwisho kwa matatu, na kando wameandika ni ngumu kuiona, iko chini sana. Chini kwa nani? Mtu wa kwanza kuiandika alikuwa Lacaille, mtaalamu wa nyota Mfaransa, mwaka 1752, na hakuwa Paris, alikuwa Rasi ya Tumaini Jema, huku huku Afrika. Messier, mtaalamu mwingine wa nyota, alikuja kuiorodhesha 1781 akiwa Paris na akalalamika kwamba aliiona kwa taabu, na angekosaje, kule inafika nyuzi kama 11 tu juu ya upeo halafu inashuka! Hapa Nairobi inapanda mpaka nyuzi 61 hivi. Yaani taabu ya Messier ndiyo tumepokea tukaibandika ukutani.

Na si galaksi ya kudharau. Iko umbali wa miaka ya nuru milioni 15 hivi, mwanga unaotufikia leo ulitoka huko enzi za yule nyani wa kale ambaye mifupa yake ilichimbwa Nachola, Samburu. Kati ya 1923 na 1983 supanova 6, yaani nyota zinazolipuka, zilionekana ndani yake, na sisi kwa galaksi yetu mara ya mwisho watu kuiona moja kwa macho matupu ilikuwa 1604. Nchi hii hii, 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka pwani ya Malindi ikaitwa Uhuru. Bango halina hata nukta ya hayo.

Haya, nakubali, taa za mulika mwizi zimetumalizia anga, ukiwa Umoja ama Kayole usijisumbue. Na Aprili na Mei, wakati M83 iko juu saa za jioni, ndio masika imeshika.

Lakini Februari kumekauka. Saa kumi usiku uwe nje huko upande wa Magadi na binokula, tafuta ile nyota angavu, Spica, kisha shuka kusini ngumi mbili ukiwa umenyoosha mkono, utapata kidoa cha ukungu. Ile mikono ya nyota iliyojipinda unayoona kwa picha inataka darubini kubwa, usikasirike. Beba sweta, na usiende peke yako, barabara ile saa hizo si ya kujaribu.