Mafuta, Gesi na Maji katika Bomba Moja: Utafiti wa Vyuo Vyetu Uwe kwa Faida ya Nani?

Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi rasi ya Chongoleani mkoani Tanga lina urefu wa kilomita 1,443, na sehemu kubwa yake imo ndani ya Tanzania. Linaingia nchini kupitia Kagera, linashuka Geita na Shinyanga, ndipo linaelekea Tabora na kuendelea mashariki. Kwa sisi tunaoishi Mwanza, mradi huo unapita nyuma ya ziwa letu. Umeleta pia swali linalostahili kujadiliwa kwa kina: je, vyuo vikuu vyetu vya uhandisi viweke fedha, walimu na vijana wao hodari katika utafiti wa mtiririko mchanganyiko, yaani ule ambamo gesi, kimiminika na wakati mwingine yabisi husafiri pamoja ndani ya bomba moja?

Ugumu wa elimu hii ueleweke kwanza. Maji yakipita peke yake, mhandisi anaweza kukokotoa upotevu wa mgandamizo kwa kanuni zilizojulikana tangu karne ya 19. Gesi ikiingia humo humo, hesabu hubadilika kabisa, kwa sababu gesi hukimbia mbele na kimiminika hubaki nyuma, kikajikusanya kwenye mabonde ya bomba. Mara gesi huenda kama viputo, mara hukaa juu na kimiminika chini, mara kimiminika hujikusanya kikawa fungu linaloziba bomba zima na kusukumwa kwa nguvu. Kila mpangilio una upotevu wake wa mgandamizo, na kanuni moja iliyo rahisi na inayotosha kwa yote hadi leo haijapatikana.

Mkazi wa Isamilo au Mabatini ameshauona mtiririko huo bila kuingia maabara. Maji yanaporudi baada ya mgao, bomba la uani hukohoa kwanza: hutoa hewa, hutema fungu la maji, hutoa hewa tena, na bomba lenyewe hutetemeka ukutani. Mita nayo huanza kuzunguka kabla ndoo haijalowa vizuri, kwa kuwa mita ya kawaida yenye gurudumu ndani husukumwa na hewa pia. Katika mji uliojengwa juu ya vilima vya mawe, mabomba hupanda na kushuka, hewa ikakaa kwenye vilele, ndiyo maana vali za kutoa hewa ni za lazima. Jambo lile lile, likitokea katika bomba la gesi lenye urefu wa kilomita mia moja chini ya bahari, huleta fungu la kimiminika lenye uzito wa kuweza kuharibu mitambo ya nchi kavu lisipoandaliwa chombo kikubwa cha kulipokea.

Wanaounga mkono utafiti huu wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote haihusu bomba la Hoima. Inahusu gesi ya bahari kuu. Tanzania ina hazina ya gesi asilia inayokadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57, na sehemu kubwa iligunduliwa kuanzia mwaka 2010 katika maji marefu mbali na pwani ya kusini. Mradi wa kuisindika Lindi ukijengwa, gesi hiyo itasafirishwa ikiwa imechanganyika na kimiminika kutoka sakafu ya bahari hadi nchi kavu. Kampuni ya Norway iliyomo katika mradi huo, Equinor, ina uzoefu wa uwanja wa Snøhvit, ambako tangu mwaka 2007 gesi isiyotenganishwa hupita katika bomba la kilomita 143 hadi ufukweni. Uzoefu huo haukushuka kutoka mbinguni. Norway ilianza kuujenga mapema miaka ya 1980, taasisi yake ya IFE ikiandika programu ya kompyuta ya kukokotoa mtiririko huo, iitwayo OLGA, na taasisi ya SINTEF ikijenga mtambo wa majaribio huko Tiller, karibu na Trondheim. Nchi isiyo na hata wataalamu kumi wanaoweza kuisoma modeli ya namna hiyo na kuihoji italazimika kukubali, mezani pa mazungumzo, gharama na makadirio yatakayoletwa na upande wa pili. Kanuni za mwaka 2017 kuhusu ushiriki wa Watanzania katika sekta ya petroli zinasisitiza ajira na mafunzo, lakini uwezo wa kuhoji hesabu haupatikani kwa kanuni peke yake.

Hata hivyo, hoja hii hutiwa chumvi pale bomba la Hoima linapotajwa kama mfano mkuu. Mafuta ya Tilenga na Kingfisher, kandokando ya Ziwa Albert, hutenganishwa na gesi na maji huko huko Uganda kabla ya kuanza safari ya Tanga. Mtiririko mchanganyiko hasa, wa mafuta, gesi na maji, umo katika mabomba yanayotoka visimani, upande wa pili wa mpaka. Kinachobaki kwetu ni nta. Mafuta hayo yana nta nyingi, hivyo bomba linapashwa joto kwa umeme na kufunikwa kwa vizuia joto ili mafuta yabaki katika nyuzi joto 50 au zaidi. Yakipoa, nta hujitenga na kushikamana na kuta, na mafuta yanaweza kuganda. Huo ni utafiti wa yabisi ndani ya kimiminika, una thamani yake, lakini anayewaahidi vijana wa Geita na Muleba kwamba bomba linalopita kwao litawahitaji mamia ya wabobezi wa gesi na mafuta anawapotosha.

Upande wa pili nao usipuuzwe. Wapo wanaosema kwamba kuwafundisha vijana kuhudumia mafuta na gesi, wakati dunia inajadili namna ya kuachana navyo, ni kuwapandisha meli iliyokwisha kung'oa nanga kuelekea bandari isiyo yao. Wengine wanaangalia bajeti. Nchi za Umoja wa Afrika ziliahidi kutenga asilimia 1 ya pato lao kwa utafiti na maendeleo, na nyingi zingali mbali na lengo hilo. Katika umaskini huo, kila shilingi inayokwenda kwenye mtambo wa mabomba haiendi kwenye kilimo, tiba au uvuvi. Mwanza, yenye vituo vya TAFIRI kwa samaki na NIMR kwa magonjwa ya binadamu, inaijua thamani ya utafiti unaoanzia kwenye shida ya mwananchi.

Pingamizi linalonifikirisha zaidi, lakini, ni la kitaalamu, nalo ni la kipimo. Mtambo wa Tiller ulikuwa na bomba la takriban kilomita moja, kipenyo cha inchi 8, na uliweza kuhimili mgandamizo wa hadi bar 90. Ulijengwa hivyo kwa sababu majaribio ya hewa na maji katika vibomba vyembamba yalikuwa hayatabiri vema yanayotokea katika mabomba makubwa. Gesi iliyobanwa ina uzito mkubwa zaidi kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo huusukuma na kuuvuruga uso wa kimiminika kwa namna ambayo hewa ya kawaida haiwezi. Chuo chetu kitakachonunua bomba la plastiki la inchi mbili na pampu moja kitatoa tasnifu nyingi na, kwa mujibu wa pingamizi hili, hakitaiambia sekta ya nishati jambo jipya.

Pingamizi hilo lina ukweli, lakini historia haiishii hapo. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Tulsa nchini Marekani, Dale Beggs na James Brill walichapisha kanuni ya kukadiria mgandamizo wa gesi na kimiminika katika mabomba yenye mwinamo wa kila aina. Waliipata kwa kupitisha hewa na maji katika mabomba ya plastiki angavu ya inchi 1 na inchi 1.5, yenye urefu wa mita 27 hivi, wakiyainua na kuyainamisha na kutazama kwa macho kinachotokea. Kanuni yao ina mipaka, na kila mwanafunzi anapaswa kuijua mipaka hiyo, lakini hadi leo imo katika programu nyingi za uhandisi wa mabomba. Mtambo mdogo basi una manufaa pale swali linapochaguliwa kwa uangalifu. Usichoweza kukifanya ni kushindana na Trondheim katika maswali ya Trondheim.

Na hapa ndipo hoja ya kwamba elimu hii ni ya mafuta tu inapopungua nguvu. Olkaria, nchini Kenya, ambako umeme wa jotoardhi umezalishwa tangu mwaka 1981, visima hutoa mvuke na maji ya moto kwa pamoja, nao hutenganishwa kabla mvuke haujafika kwenye mitambo. Tanzania inatafuta jotoardhi Ngozi, mkoani Mbeya, na mhandisi atakayekokotoa mabomba ya huko atatumia elimu ile ile. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Ziwa Kivu. Kina chake kimehifadhi takriban kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za kabonidaioksaidi, zikiwa zimeyeyuka majini. Mtambo wa KivuWatt, upande wa Rwanda, unaozalisha megawati 26 hivi tangu mwaka 2016, huchota maji hayo kutoka kina cha zaidi ya mita 300; yanapopanda bombani mgandamizo hupungua, viputo hutokea, na viputo hivyo huupunguza uzito wa maji hata yakaendelea kupanda yenyewe. Kosa katika kukadiria mtiririko huo si la fedha tu, kwa sababu maji yaliyokwisha kutolewa gesi hurudishwa ziwani, nayo yakirudishwa mahali pasipofaa yanaweza kuvuruga matabaka yanayoizuia gesi iliyobaki. Ziwa Nyos la Kameruni, lililotoa kabonidaioksaidi kwa ghafla mwezi Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700, ni ushahidi wa kutosha. Ziwa Victoria halina hatari hiyo, kwa kuwa kina chake ni mita 80 hivi tu na maji yake huchanganywa na upepo, lakini wataalamu wa Kivu wangeweza kutoka popote katika Maziwa Makuu.

Tukitoka kwenye nishati kwa hatua moja, tunakutana na migodi. Tope la mgodi husukumwa kwa mabomba, nalo ni yabisi ndani ya maji. Novemba 2022 bwawa la topesumu la mgodi wa almasi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, lilibomoka, tope likafunika mashamba na kuharibu makazi. Tope hilo litafika wapi na kwa kasi gani ni swali la fani hii hii.

Kwa hiyo mimi naunga mkono utafiti huu, lakini ubishi wa kweli naona uko kwenye nani ataulipia na nani atamiliki vipimo. Norway ilifaulu kwa sababu kampuni za mafuta zilichangia gharama. Na kwa sababu hiyo hiyo data nyingi zilibaki kwa waliolipa, na programu iliyozaliwa humo sasa inauzwa kibiashara. Kampuni hulipia swali la namna ya kuyafanya mafuta yaendelee kupita, na haina sababu kubwa ya kulipia swali la yatakavyokuwa yakitoka nje ya bomba. Wapinzani wa bomba la Hoima wanasema takriban theluthi moja ya urefu wake imo katika bonde la Ziwa Victoria. Je, mafuta yenye nta, yakimwagika katika mto unaoingia ziwani, yenye joto la nyuzi 50 na kukutana na maji ya nyuzi 25, yataganda kwa muda gani? Yatasafiri kama mabonge au kama utando? Yatakwama kwenye mafunjo au yatafika kwenye mazalia ya samaki? Hayo ni maswali ya mtiririko mchanganyiko, yanapimika kwa mtambo mdogo wenye mgandamizo wa kawaida, na wa kuyajali kuliko wote ni watu wa mwambao huu.

Chuo kikuu cha umma kinaweza kupokea fedha za kampuni bila kujidhalilisha, mradi mkataba useme waziwazi kwamba vipimo vitachapishwa ndani ya muda uliotajwa, na kwamba sehemu ya fedha hizo itagharimia maswali ambayo kampuni isingeyachagua. Kampuni ikikataa masharti hayo, fedha zake zikataliwe, na mtambo uanze na hewa, maji na bomba angavu kwa fedha ya serikali. Ujengwe kandokando ya ziwa, ushirikiane na TAFIRI, na matokeo ya majaribio ya mafuta ya nta yafikishwe kwa vikundi vya BMU, yaani vya wavuvi na wakazi wanaosimamia mialo, vya Kagera, Geita na Mwanza kwa Kiswahili, yakiwa na ramani ya mito na muda unaokadiriwa wa mafuta kufika ziwani.