Kengele ya shule na foleni ya asubuhi: nani amsubiri mwenzake?

Dar es Salaam kuna watoto wanaopanda basi la shule saa 11:30 alfajiri ili saa 1:30 wawe darasani. Mzazi akiuliza kwa nini mapema hivyo, jibu liko tayari: mkichelewa nusu saa tu, foleni ya Kimara au Mbagala itawamalizia asubuhi yote. Wengine wanasema dawa ni kusogeza kengele mbele, masomo yaanze baadaye. Wote wana hoja, ila naona wanabishania saa ilhali tatizo kubwa liko barabarani.

Wanaotaka kengele isogezwe huanzia kwenye usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala kwa muda wa saa 9 hadi 12 kila siku. Anayeamshwa saa 10:30 alfajiri alipaswa kuwa amelala tangu saa 1:30 usiku, na hicho ni kiwango cha chini. Nyumba ngapi za mjini zimeshapakua chakula saa hiyo? Baba mwenyewe bado yuko kwenye daladala. Ndiyo maana asubuhi huwa vita: mtoto anavalishwa soksi huku anasinzia, chai inabaki mezani, dada anatafuta daftari, na dereva anapiga honi getini.

Wanaopinga nao hawasemi ovyo. Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30. Kengele ikisogezwa hadi saa 3:00, mtoto wa karani abaki na nani? Mwenye biashara yake atafurahi. Mwenye bosi mkali ataongezewa mzigo. Tena Kenya saa imeshaandikwa: Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinataka shule za kutwa ziendeshwe kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Mabasi ya alfajiri hayakutoweka Nairobi kwa sababu hiyo. Shule ikiwa upande wa pili wa jiji, na basi likisimama kila geti, mtoto wa kwanza kupanda atatoka nyumbani gizani tu.

Hapo ndipo ningebana zaidi. Vituo vichache vya pamoja, na Kosta mbili badala ya moja inayozunguka mtaa kwa mtaa, vingempa mtoto usingizi mwingi kuliko kusogeza kengele nusu saa. Ada ya usafiri itapanda, sikatai, na mtu atalazimika kumsindikiza mtoto hadi kituoni.

Mwenye gari lake hujiona amekwepa yote haya, hadi siku anapochelewa. Kilomita 10 kwa mwendo wa 50 kwa saa ni dakika 12. Kwa mwendo wa 60 ni dakika 10. Hizo dakika 2 humezwa na taa za kwanza. Gari lenye mwendo wa 50 hukata karibu mita 14 kwa sekunde moja, kwa hiyo kutupia jicho ujumbe wa simu kwa sekunde mbili ni kuendesha mita 28 ukiwa kipofu. Na kumpakata mtoto kiti cha mbele kwa sababu "ni hapa tu" ni kumweka mahali pabaya kuliko pote garini. Mtoto asiyefikia urefu wa sentimita 135 anahitaji kiti maalumu cha watoto, tena nyuma. Mkanda wa mtu mzima humpita shingoni.

Wanaosahaulika katika mjadala huu ni wanaokwenda kwa miguu, nao ndio wengi, pamoja na wale wanaobebwa mshikaki kwenye bodaboda. Haraka ya mwenye gari wanailipia wao. Kwa upande wao kuna jibu ambalo limeshajaribiwa hapahapa Dar es Salaam: shirika la Amend, kupitia SARSAI, mpango wake wa usalama wa barabara karibu na shule, limejenga njia za miguu, matuta na vivuko. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kwanza ya WRI Ross ya miji, inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute (WRI). Haukuhitaji kumwamsha mtoto yeyote mapema zaidi.

Tuta na njia ya miguu mbele ya geti haviishindi bajeti ya shule binafsi inayotoza mamilioni kwa mwaka, mradi ipate kibali cha mwenye barabara. Kwenye kikao cha wazazi ningeanza kudai hilo, pamoja na kituo cha kushushia watoto mbali kidogo na geti, kabla ya kuigusa kengele.